Mto Uliohama na Chungu Kimoja

Hapo zamani, na simaanishi zamani ile ya wanyama kusema, namaanisha zamani ya juzijuzi, mipaka ya nchi imekwishachorwa tangu enzi za babu lakini watu bado hawajaizoea, palikuwa na nchi mbili zilizopakana: Barandi na Lumeka. Katikati yake ulipita mto Kingwi. Huku Barandi, ng'ambo Lumeka.

Na hawakupendana, jamani! Mbarandi akipiga chafya, Mlumeka anageuka pembeni. Mlumeka akianguka, Mbarandi anauliza, "Ameumia vizuri?"

Ukingoni mwa mto, upande wa Barandi, aliishi mfinyanzi mmoja, Bi Mwashamba. Alikuwa na udongo wake, udongo laini kama siagi, na tanuru lake la kuchomea vyungu, kubwa kama kibanda, alilojengewa na mama yake. Hakuwa na kingine, wala hakutaka kingine.

Masika moja ikanyesha mvua isiyo na adabu. Mto Kingwi ukaacha njia yake, ukaruka kama mbuzi aliyeona mahindi, ukapita upande wa pili. Bi Mwashamba alilala mto uko mbele ya mlango, akaamka uko nyuma ya choo. Yeye mwenyewe hakusogea hata unyayo. Asubuhi wakabisha hodi askari wawili wa Lumeka, viatu vyao vikavu kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmevukaje?"

"Hatukuvuka, mama. Mpaka ni mto, na mto sasa uko kule nyuma. Karibu Lumeka."

"Nimehamia Lumeka? Lini?"

"Usiku."

"Mbona sijafunga mizigo?"

"Utaifunga sasa. Udongo huu ni wetu, tanuru hili ni letu. Tunakuvumilia hadi mavuno, kisha urudi kwenu."

Haya niambieni, tanuru linabebwa kichwani? Bi Mwashamba akajitanda kanga yake, akaenda mjini Barandi, kwenye nyumba ya watafiti wa sheria za mataifa. Akawakuta watatu wakibishana kama kawaida yao: Bwana Mselemu, Bwana Kitogo na Bi Nyamizi.

"Wanangu," akasema, "sina cha kuwapa. Lakini nikibaki na udongo wangu, nitafinyanga chungu kikubwa kuliko vyote, cha karamu ya nchi nzima, na juu yake nitachora jina la aliyeniokoa."

Msicheke! Barandi hilo si jambo dogo. Kule, mwenye jina kwenye chungu cha karamu ndiye anayepakuliwa kwanza. Waziri anasubiri, mkuu wa majeshi anasubiri, na ukifa anapakuliwa mjukuu wako. Wasomi wale watatu wakameza mate kwa pamoja.

Bwana Mselemu akasema, "Sheria imo katika maneno." Akakaa na mkataba wa Barandi na Lumeka mpaka kiti kikachukua umbo lake. Akausoma toka juu, akausoma toka chini, akasoma na mabishano ya waliouandika. Mkewe alimletea maandazi yaliyofungwa gazetini. Aliusoma mkataba, akalisoma na gazeti, maandazi yakachacha.

Bwana Kitogo akasema, "Sheria imo kwa wenzetu." Akabeba begi, akazunguka nchi ambazo mipaka yake ni mito, akiuliza, "Ninyi, mto ukihama, mnafanyaje?" Alirudi amekonda, ana homa za nchi tano tofauti, na alikuwa tayari kabisa kuzilinganisha.

Bi Nyamizi akasema, "Sheria imo katika matendo ya wenyewe." Akavuka kwenda Lumeka kwenyewe, akakaa na wakata matete. Akiona wanafanya jambo, anauliza, "Mnafanya nini?" Wakimjibu, anauliza, "Na kwa nini?" Watoto wakambatiza jina: Bi Kwanini.

Siku ya shauri ikafika. Mwamuzi alikuwa Bi Rukonge, aliyetoka nchi ya milimani isiyokuwa na mto hata mmoja, ili asipendelee. Wabarandi wakakaa kulia, Walumeka kushoto, na Bi Mwashamba mbele kabisa, mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko.

Akaanza wakili wa Lumeka, Bwana Chomboko, mtu mwenye tumbo na sauti. "Mheshimiwa, mkataba unasema: mpaka ni mto Kingwi. Mto uko wapi? Kule. Mpaka uko wapi? Kule. Mama huyu yuko wapi? Kwetu. Nimemaliza, twendeni tukale."

Mselemu akainuka, kiti nacho nusura kiinuke naye. "Mheshimiwa, kifungu hicho hakisemi kwamba mto ukihama mpaka utahama nao. Wala hakisemi utabaki. Kimenyamaza! Kikinyamaza, tunauliza mkataba uliandikwa kwa shabaha gani. Na utangulizi wake unasema: ili kila mtu akae kwa amani pale alipo. Pale alipo, Mheshimiwa, si pale mto utakapomtupa!"

Chomboko akatabasamu. "Haya. Halafu? Huo utangulizi ni salamu tu. Mtu akikwambia 'karibu chakula', amekupa shamba?"

Bi Rukonge akasema, "Bwana Mselemu, mlango umeufungua. Lakini ndani bado sioni kitu."

Akainuka Kitogo, anatetemeka kwa homa ya nchi ya tatu. "Mheshimiwa, nimepita nchi tano, na zote tano zina kanuni moja. Mto ukitambaa polepole, ukila ukingo miaka na miaka, mpaka unatambaa nao. Mto ukiruka ghafla, mpaka unabaki kwenye njia ya zamani. Na Kingwi haukutambaa. Uliruka!"

"Haya. Halafu?" akasema Chomboko. "Hizo nchi tano ndizo zilizotia sahihi mkataba wetu? Jirani anakula konokono, na mimi nile?"

Bi Rukonge akasema, "Kanuni ni nzuri, Bwana Kitogo. Sasa nani atanionyesha kwamba Lumeka nayo inaifuata?"

Akainuka Nyamizi. "Mheshimiwa, enzi za babu zao, mto huu uliruka hivihivi kule chini. Ukaacha bonde la matete la Lumeka upande wa Barandi. Mpaka leo Walumeka wanavuka kukata matete pale, na Wabarandi hawawagusi."

Chomboko akacheka mpaka tumbo likachelewa kutulia. "Haya. Halafu? Huo ni ujirani mwema! Wabarandi waliwaonea huruma. Huruma ni sheria?"

Bi Mwashamba akashika kichwa, udongo ukabaki kwenye nywele.

Lakini Nyamizi hakuketi. Akamwita mkata matete mmoja wa Lumeka, Mzee Kangole. "Mzee wangu, mkivuka kukata matete, mnaomba ruhusa kwa Wabarandi?"

"Ruhusa?" Mzee Kangole akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mimi nimwombe Mbarandi? Afadhali nikate matete kwa meno! Bonde ni letu. Mto ndio uliohama, sisi hatukuhama!"

Akasikia alichokisema. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Chomboko akamtazama kama mtu anayetazama ugali wake ukianguka mchangani.

Bi Rukonge akawageukia Wabarandi. "Nanyi mliwaachia bonde kwa huruma?"

Upande wote wa kulia ukaangua kicheko, benchi zima likapinduka. Mama mmoja akajibu akiwa chini palepale: "Huruma, Mheshimiwa? Kwa Walumeka? Tungekuwa na njia tungewafukuza tangu enzi za babu! Tumewaacha kwa sababu ni haki yao, na inatuuma mpaka leo!"

Basi Bi Rukonge akagonga meza. "Watu wasiopeana hata salamu hawawezi kupeana bonde kwa hisani. Hawa wametiiana kwa sababu wanajua ni sheria. Mpaka unabaki palepale pa zamani. Mama, rudi kwenye tanuru lako."

Vigelegele! Bi Mwashamba akarudi, na kabla ya kuondoa kanga begani akaanza kukanda udongo. Akafinyanga chungu ambacho mtu mzima angeweza kuogea humo. Akashika kijiti cha kuchorea. "Haya wanangu, nichore nani?"

"Mselemu," akasema Mselemu. "Chomboko alikuwa amekwishaufunga mkataba. Nisingeonyesha kwamba kifungu kimenyamaza, hawa wenzangu wasingepewa hata nafasi ya kusema."

"Wewe ambaye hukutoka kitini?" akadakia Kitogo. "Kanuni ya kuruka na kutambaa niliileta mimi, na homa zake juu! Bila hiyo, Nyamizi angekuwa na porojo za matete tu."

"Kanuni yako ilikuwa mgeni hapa," akasema Nyamizi. "Mimi ndiye niliyeipa uraia. Nani aliyewauliza Walumeka kwa nini?"

"Uliuliza wewe, nikajibu mimi!" ikasikika sauti nyuma ya ua. Kumbe ni Mzee Kangole, kwao wamemnunia, amekuja kusikiliza karamu ni lini. "Kwa mdomo huu mmeshinda. Nichoreni mimi!"

"Mlumeka apakuliwe kwanza Barandi?" Kitogo akapiga kelele, homa ikamtoka hapohapo.

"Tuchore wote," akasema Mselemu.

"Na nani anapakuliwa kwanza?" akauliza Nyamizi. Kila mmoja akajipiga kifua.

Bi Mwashamba akawatazama, kijiti kiko hewani. "Wanangu, udongo unakauka. Ukikauka hauchoreki tena, nitakichoma hivyohivyo bila jina, na waziri atapakuliwa kwanza. Fanyeni haraka."

Nanyi mlioketi hapa, msinitazame mimi, mimi sikualikwa karamuni. Aliyeufungua mkataba, aliyeleta kanuni kutoka ugenini, aliyewauliza wenyewe kwa nini, au aliyeropoka kweli bila kukusudia: semeni upesi, kijiti kiko mkononi mwa mama. Je, nani alistahili kupakuliwa kwanza?