Kwa Nini Mwenyeji Huonja Pombe Kabla ya Mgeni

Zamani, kabla ya desturi tuliyo nayo sasa, mgeni ndiye aliyekunywa kwanza. Mwenyeji alishika kibuyu kwa mikono miwili, akampa mgeni, yeye akangoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima.

Wakati huo palikuwa na tawala mbili kubwa. Ya mashariki ilikuwa Busonzo, chini ya Mtemi Malugu. Wengine humwita Maluga, lakini si sahihi. Ya magharibi ilikuwa Ukwandu, chini ya Mtemi Shimbi mwana wa Kalyeye. Kwa miaka mingi walipigania mabwawa ya chumvi yaliyokuwa mpakani, na vijiji vidogo vya katikati vilihama kila mtemi mmojawapo alipopiga ngoma ya vita.

Kisha wavamizi wakatoka kaskazini, wakachoma vijiji vya pande zote mbili. Watemi wakaona kwamba kila mmoja peke yake atamezwa. Hawakupendana; waliogopa kitu kimoja. Mwaka wa kwanza walikutana mpakani, kila mmoja na watu wake wa mikuki, kila mmoja akinywa pombe aliyokuja nayo. Mwaka wa pili waliweka mikuki chini, lakini si mbali na mkono. Mwaka wa tatu Shimbi alimkaribisha Malugu nyumbani kwake, wapate kula kiapo cha kupigana pamoja. Wavamizi walikuwa mwendo wa siku mbili tu.

Pombe ilipikwa na Nsiya, mjane wa Ukwandu. Shimbi akampa mgeni kibuyu, kama desturi ilivyotaka.

Malugu akakitazama. "Mbona wewe hunywi, ndugu yangu?"

"Mgeni kwanza."

"Naona kwenu mgeni hutangulizwa kwa kila kitu. Hata kwa kufa?"

Watu wa Busonzo wakacheka. Watu wa Ukwandu hawakucheka. Shimbi akamgeukia Nsiya, akamwambia kwamba pombe ikiwa na neno, atakatwa kichwa palepale. Nsiya akachukua kibuyu, akanywa mafunda makubwa, akaketi mbele yao wote. Wakamtazama mpaka jua likasogea. Hakutapika, wala hakuanguka.

"Umekunywa vizuri, mama," Malugu akasema. "Lakini wewe ni wa kwao. Mtu huweza kumfia mtemi wake."

"Mimi, baba? Nimfie mtu ambaye tangu nifiwe hajaniletea hata ukuni mmoja?"

Safari hii pande zote mbili zilicheka. Shimbi alikasirika, lakini moshi wa kaskazini ulikuwa ukionekana kutoka pale alipoketi. Akanywa. Malugu akamwangalia kwa muda mrefu, ndipo naye akanywa, na kiapo kikaliwa.

Wavamizi walishindwa. Mwaka uliofuata mwenyeji alikuwa Malugu. Shimbi aliweka mikono magotini, asipokee kibuyu mpaka mwenzake alipokunywa. Miaka ikapita, wakafungua soko la pamoja, wakaozeshana mabinti, wakaacha mikuki nyumbani. Kuonja hawakuacha.

Na tangu siku hiyo, katika nchi yetu, mwenyeji huonja kwanza. Vijana husema ni ukarimu, nami siwabishii. Ila siku mkikaribisha mtu mkubwa, tazameni macho yake anapongoja kibuyu. Hayaangalii pombe, yanaangalia koo la mwenyeji, kama kweli limemeza.