Mkunga wa Zimwi

Haya, sogeeni, na anayesinzia mwamsheni.

Hapo kale Bi Mize, mkunga hodari, alikuwa kitandani akikata roho, na mwanafunzi wake Mwanasiti akimpepea. Alasiri hiyo zimwi likabisha hodi.

"Mke wangu uchungu umemshinda," likasema. "Nataka mkunga."

Mwanasiti akamgeukia mwalimu wake. "Somo, litanila."

"Kuogopa si kosa, mwanangu," Bi Mize akajibu kwa shida. "Kosa ni kumwacha mzazi peke yake. Nenda."

Wakashika njia. Kwenye kijito zimwi likamwuliza, "Unaniogopa?"

"Nakuogopa," akasema, wala hakusimama.

Msituni likamwuliza tena, akajibu vilevile, akazidi kwenda. Mlangoni mwa pango likauliza mara ya tatu.

"Nakuogopa. Lakini nipishe, mkeo ananingoja."

Likampisha. Mtoto alitoka kimya, mkubwa kama ndama. Mwanasiti akampulizia pumzi puani, akampulizia, akampulizia, hata mtoto akalia na mlima ukatikisika.

Zimwi likatokwa na machozi. "Taka utakacho."

"Nirudishe kwa somo yangu kabla hajafa."

Likambeba begani, likavuka msitu na kijito kwa hatua moja.

Bi Mize alikuwa bado anapumua. "Wamepona?"

"Wote wawili, somo."

"Alhamdulillahi. Basi nami naweza kupumzika," akasema, akafumba macho akitabasamu.

Mwanasiti alilia sana, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi. Ngano yangu imetua hapo. Aliyeipenda aende nayo.