Kiroboto Alipokuwa na Mabawa

Tena hii? Nimechambua choroko tangu asubuhi, macho yamechoka, nanyi mnataka ngano. Haya, kaeni. Bibi yangu aliisimulia huku akinikuna mgongo kwa gunzi la muhindi. Siku hizi nani ana mkono wa kumkuna mwenzake?

Nikiita "Ya kale," itikeni "Na yaje."

Ya kale.

Na yaje.

Hapo kale, enzi za kuta za udongo zilizotunza joto la jua mpaka asubuhi, Panya Mama Mashavu alikuwa na watoto sita wanaonyonya. Ngozi yake ilikuwa na matarishi wawili waliopeleka habari kichwani. Uchungu alipeleka habari za miiba na moto. Mwasho alipeleka habari za wadudu.

Uchungu akifika, hupokewa kwa pole. Mwasho akifika, hupokewa kwa kucha.

Kiroboto, siku hizo ana mabawa, akaliona hilo. "Ndugu yangu Mwasho, unadharauliwa. Kesho lia kama mwenzako, uone utakavyobembelezwa."

Kesho yake Kiroboto akauma shavu. Mwasho akalia, "Nimeumia." Mama Mashavu akalipangusa shavu kwa mkono, akalala. Siku ya pili Kiroboto akauma. Mwasho akalia, "Nimeumia." Mama Mashavu akapangusa, akalala. Siku ya tatu, vivyo hivyo.

Kiroboto akanenepa. Maziwa yakakauka. Watoto wakanyonya hewa, naye mama yao amelala tu, akikumbuka tundu la mamaye, walivyolala kumi, wameshiba, wamebanana kama maharage ndani ya ganda.

Shangazi yake, Buku, yule panya mkubwa wa porini, akaja kumjulia hali.

"Unaumwa nini wewe, hata watoto hawanyonyi?"

"Shavu, shangazi. Nimejeruhiwa."

"Damu iko wapi?"

"Sijaiona."

Buku akaligusa. "Kidonda kikiguswa husema niache. Hili linasemaje?"

Mama Mashavu akaona haya. "Linasema usiniache, shangazi. Zidisha."

"Basi umedanganywa, mwanangu. Mguu wa nyuma unao wa kazi gani?"

Mama Mashavu akaunyanyua, akakuna. Mara ya kwanza, Mwasho akaungama. Mara ya pili, Kiroboto akaomba radhi. Mara ya tatu, hakukuwa na wa kumsikiliza.

Jioni maziwa yakarudi.

Tangu hapo panya akiumia shavu hulipangusa kwa mkono. Likimwasha hulikuna kwa mguu. Nanyi jueni kwanza kinachowasumbua, ndipo mjihurumie.

Ya kale imerudi kwao, nami narudi kwenye choroko zangu.

Kiroboto je? Alilipa mabawa, yote mawili yaling'olewa na zile kucha. Mpaka leo anarukaruka kwa miguu.