Mabakuli Mia Tatu ya Uji wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kirumbe, Sultani Makungu alijenga jiko la kuwapikia maskini uji, na kila asubuhi Waziri Shaweji akayahesabu mabakuli yaliyorudi matupu, akasema, "Mia tatu, bwana wangu! Watu wameshiba."

Siku moja Mwanakheri, mwosha mabakuli asiye na kitu, mwana mgongoni, akayasikia hayo na kicheko kikamponyoka. Ikawa ameitwa mbele ya Sultani.

"Unacheka nini, we mwanamke?"

"Bwana wangu usiniue, nina mtoto anyonyaye! Uji unaungua kila siku, mpishi analala, na watu wanaogopa kuukataa maana askari huandika majina ya wanaokataa, basi wanaubeba nyumbani wanawapa mbuzi, na mbuzi wa mji huu, bwana wangu, wamenona hata mlangoni hawapiti!"

"Porojo za jikoni," waziri akadakia. "Mimi nina hesabu."

Sultani akawakasirikia wote wawili. "Hesabu hainiambii kama uji unalika, na maneno yako hayaniambii ni ya watu wangapi. Mwanakheri, kesho niletee hesabu na habari pamoja, zifike kwa pumzi moja, isitangulie hata moja. Ukishindwa, utahama mji huu wewe na mwanao."

Basi akatoka mbio, akapita nyumba kwa nyumba, mtoto akilia naye akilia, "Jamani niokoeni, kesho uji msiwape mbuzi, uleteni barazani kwa Sultani!"

Asubuhi wakaja watu mia tatu, kila mmoja na bakuli lake limejaa. Mwanakheri akamshikisha Sultani kijiko.

"Hesabu, bwana wangu. Ila kila bakuli utakalolihesabu, ulionje."

"Moja," akasema Sultani, akameza. "Mbili," macho yakamtoka. "Tatu," akaomba maji. "Nne!" akautema wote kwenye kanzu ya waziri.

"Habari imefika, bwana wangu?"

"Imefika, imefika!"

"Na hesabu inakuja, yamebaki mia mbili tisini na sita tu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, akaamuru jiko lote liwe chini ya Mwanakheri, na nyumba apewe karibu nalo. Kisha akamgeukia Waziri Shaweji aliyekuwa akijifuta kanzu, akamkabidhi kijiko.

"Bingwa wa hesabu ni wewe. Haya, endelea. Tano."