Kwa Nini Watoto Wengine Huziba Masikio

Hapo kale kila mtoto alizaliwa na kichwa chenye vinjia vingi kupita kiasi. Sauti, harufu na mwanga vilipita popote vilipotaka. Muumba akaweka humo walinzi wadogo, akawapa kazi mbili: kufukuza maradhi, na kukata vinjia visivyo na mpitaji, kama sisi tunavyopunguza machipukizi ya mgomba hadi shina libaki na mama, binti na mjukuu.

Koburungo alipokuwa mjamzito alishikwa na homa kali. Walinzi wa mtoto tumboni walisimama na mikuki siku nyingi, na hata homa ilipoisha hawakuiweka chini. Ile kazi ya kukata ikasahaulika.

Byera akazaliwa na vinjia vyake vyote. Mvua ikinyesha shambani alisikia kila jani peke yake, akaziba masikio akilia.

Harusi ya shemeji ilipokaribia, wifi yake Koburungo alikuja.

"Wifi, huyu mpeleke kwa bibi yake ng'ambo ya mto, akae hukohuko. Atatuaibisha."

"Harusi ni siku moja. Mtoto ni wangu kila siku."

"Basi mzibe mdomo!"

"Nianze na wako, wifi. Ndio unaovuma."

Lakini alipobaki peke yake aliogopa. Ukoo ungeamua, mtoto angeondoka. Akainama sikioni mwa Byera. "Walinzi wangu, malizieni kazi yenu."

Mkuu wa walinzi akajibu, "Tumechelewa, mama. Kinjia kinachomletea kelele za majani ndicho kinachomletea hatua zako ungali mbali. Tukikata sasa, tutakata vyote viwili."

Koburungo akainuka.

"Acheni," alisema. "Tutapunguza kelele za nje."

Akaenda kwa wazee wa ukoo, akaomba ngoma zipigwe bondeni na wageni waingie wawiliwawili. Wakamkubalia, ila wakasema mtoto akilia, ataondoka. Siku ya harusi wifi alifika na vigelegele mdomoni, akamwona Byera mlangoni, akavimeza. Akasimama. Mtoto akamtazama, kisha akamsogelea polepole, akamgusa kanga. Hakulia.

Na tangu homa ile walinzi hawafanyi kazi sawa katika kila kichwa, na wapo watoto wanaosikia yote kwa pamoja. Ukifika nyumbani kwao, usipige hodi kwa nguvu. Simama uani mpaka mtoto akuone.