Figa Alilobeba Zuleha

Figa ni jiwe la kupikia. Likiwa peke yake halina kazi ila kumkwaza mpita njia. Likipata wenzake wawili, chungu hutulia juu yao, moto hupata nafasi chini, na watu hula. Ndipo wazee wetu wakasema kwamba figa moja haliinjiki chungu, yaani mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuubeba peke yake mzigo ulioumbwa uwe wa watu kadhaa. Anayedhani kwamba hayo ni maneno ya jikoni tu, na asome habari za Zuleha binti Zamoyoni.

Miaka michache kabla ya vita kuu vya pili, upande wa Geita palifunguliwa machimbo ya dhahabu, na watu wakamiminika huko kama kumbikumbi baada ya mvua. Miongoni mwao walikuwamo Sabiti, fundi cherehani, na mkewe Zuleha, mzaliwa wa Shinyanga mjini, ambaye wengi walimwita Mama Hatibu kwa jina la mwanawe wa kwanza. Sabiti alipata nafasi ya kushonea barazani pa duka. Zuleha alipata mahali bora zaidi: chini ya ukuta wa ghala, ambako upepo haukufika, kando kabisa ya njia ya wachimbaji. Hapo akapanga mafiga yake matatu, akateleka kikaango chenye vishimo, akaanza kuuza vitumbua.

Vitumbua hivyo vilisifiwa kambi nzima. Nazi hazikufika huko ila kwa bahati, kwa hiyo Zuleha alitumia maziwa ya ng'ombe wa Wasukuma, na jinsi alivyouchanganya unga wa mchele ilikuwa siri aliyoifunga kifuani. Alfajiri, chuma cha reli kilipogongwa kuwaita watu kazini, wateja walikuwa wamekwisha kumzunguka.

"Mama Hatibu, nipe vya moto," mmoja alizoea kusema. "Nikifa huko chini, nife nimeshiba."

"Ukifa nani atanunua kesho? Kula, ushuke, upande," alijibu Zuleha, na watu wakacheka.

Soko la kambi lilisimamiwa na Mzee Nkwabi, mtu mpole lakini mwenye sheria moja isiyopinda: mahali ni pa yule anayewasha moto. Pakikaa bila moto tangu Ijumaa hadi Ijumaa, alipewa mwombaji mwingine. "Majivu hayalishi mtu," ndivyo alivyosema, na hakuna aliyemwona akibadili neno.

Basi Zuleha akashika mimba ya tatu. Mwanzoni aliificha chini ya kanga, lakini mimba haina siri, na tumbo likatangulia mbele yake kila alikokwenda. Jioni moja, wakiwa wanakula, Sabiti akasema:

"Mama Hatibu, tumbo hilo si la kuinamia moto tena. Nenda Shinyanga kwa mama, ujifungue, utimize arobaini, kisha urudi."

"Nirudi kwenye nini, Baba Hatibu? Nitakuta mtu amekalia kigoda changu na miguu ameinyoosha."

"Cherehani itatulisha."

"Cherehani hutulisha siku za sikukuu. Siku nyingine tunalishwa na vitumbua, na wewe unavila kuliko wateja."

Sabiti alicheka, maana ilikuwa kweli. Kisha akasema polepole, "Sikulazimishi. Lakini usisahau ya Mwahija."

Zuleha aliliweka tonge chini. Alipomzaa Mwahija, mtoto wake wa pili, alirudi motoni kabla ya arobaini, akapatwa na homa iliyomfikisha ukingoni mwa kaburi. Mama yake, Bi Kijakazi, ndiye aliyemrudisha kwa uji na maji ya moto. Sasa mama yuko mbali, na hapa kambini Zuleha hakuwa na ndugu. Akapima moyoni kama apimavyo muuza nyama: huku mwili wake na kiumbe kisicho na hatia, huku riziki ya watoto wawili waliokwisha kuzaliwa. Kila alipoweka kitu upande mmoja, upande wa pili ulishuka.

Mwisho wa soko, pale upepo ulipokusanya vumbi lote, aliuza mwanamke wa Kisukuma aliyeitwa Scolastika, mke wa mchimbaji Makoye. Aliuza matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa, ambavyo yeye aliwachemshia wateja upya. Upepo ulimzimia moto mara kwa mara, na wateja wake walikuwa wachache. Zuleha hakumhesabu kuwa mwenzake.

Asubuhi ya Ijumaa moja moshi ulimpanda Zuleha kichwani. Dunia ikazunguka kama pia, naye akashika ukuta wa ghala asianguke. Scolastika aliliona hilo akaja mbio.

"Mwangaluka, mama," akamwamkia kwa Kisukuma. "Kaa kidogo. Mimi nitavigeuza."

Zuleha alimtazama, akaona jicho la mtu anayetamani mahali pake. "Ahsante, jirani. Vitumbua si matobolwa," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Ni kweli," alijibu Scolastika bila kukasirika. "Matobolwa hayajapata kumwangusha mpishi."

Wachimbaji wakaangua kicheko, na safari hii hawakucheka upande wa Zuleha.

Siku ile ile aliamua kupumzika, lakini kwa hila yake mwenyewe. Angekaa nyumbani siku chache, arudi kabla ya Ijumaa nyingine kuwasha moto, kisha apumzike tena. Na ili mtu asimwingilie wakati hayupo, alipotoka aling'oa figa moja kati ya yale matatu, akalifunga kwa kanga, akalibeba kichwani hadi nyumbani.

"Umeleta nini?" Sabiti akauliza.

"Mahali pangu."

Sabiti akaifungua kanga. Akatazama, akakuna kidevu. "Mke wangu, umeleta jiwe."

"Kwa mafiga mawili hapiki mtu. Wacha waje wajaribu."

Lakini mja hunena, Muungu hutenda. Mwili uliopewa nafasi ya kulala ulikumbuka uchovu wake wote kwa pamoja. Miguu ikamvimba kama mikate iliyoumuka, hata kuvaa makubadhi ikawa taabu. Siku zikapita yuko kitandani, na Ijumaa ikafika. Asubuhi hiyo alijikongoja akasimama.

"Sheria ya Mzee Nkwabi inatimia leo," akamwambia mumewe. "Nisipowasha moto, tumekwisha."

Sabiti aliona kwamba kumzuia ni bure. Akajitwika figa begani, akamfuata nyuma hatua kwa hatua, na watu waliokutana nao njiani wakauliza kama fundi sasa anashona mawe.

Walipofika karibu na ghala, Zuleha aliona moshi. Ulikuwa ukipanda wima, kwa utulivu, kutoka mahali pake hasa. Penye mafiga yake mawili palikuwa na la tatu lisilo lake, jekundu, na juu yake chungu cha matobolwa kikitokota. Scolastika alikuwa kando yake akichochea.

"Nilijua," akasema Zuleha. "Nilijua tangu siku ile."

Kabla Scolastika hajajibu, Mzee Nkwabi alisogea. Zuleha akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba.

"Ulijua nini, mwanangu?" akauliza mzee. "Kuna mtu wa Kagongwa amekuja kuomba hapa, kikaango chake begani. Ningempa leo. Lakini kila nikipita nakuta moto. Nikauliza ni moto wa nani, na huyu akanijibu ni wa Mama Hatibu, yeye anauchochea tu."

Zuleha alilitazama lile figa jekundu. Alimgeukia Scolastika. "Kwa nini?"

"Nilikuona umebeba jiwe na mimba kwa pamoja," alisema Scolastika. "Nikasema, huyu ana hofu. Nikaleta figa moja la kwangu. Lakini sikufichi, mama, hapa pananifaa na mimi. Hakuna upepo. Tena nilijaribu vitumbua, wateja wasikukose."

"Vikawaje?"

"Makoye mume wangu alikula kimoja. Akauliza kama ni cha kula au cha kuzibia paa."

Zuleha alicheka hata machozi yakamtoka, na hakujua yapi yalikuwa ya kicheko na yapi ya aibu. Akaketi kwenye kigoda. Hapo ndipo mizani yake ilipotulia, maana aliona kwamba muda wote alikuwa akipima kazi na nyumba kama mtu asiye na mwenzi duniani. Hata hivyo lilibaki jambo moja gumu, nalo ni ile siri ya kifuani. Akiitoa, hairudi.

Akaitoa. "Sikiliza, jirani. Chukua wali uliolala, uuponde laini, uchanganye na unga. Maziwa yawe ya vuguvugu. Hamira usiiharakishe."

"Wabeja," akasema Scolastika, ndiyo ahsante ya Kisukuma, akasogea karibu asikose neno.

Tangu siku hiyo Zuleha alichanganya unga jioni akiwa nyumbani, ameketi, na Scolastika akakaanga vitumbua asubuhi, matobolwa yakichemka kwenye mafiga mengine pembeni. Uchungu ulipoanza, Scolastika ndiye aliyemshika mgongo, na mke wa Mzee Nkwabi ndiye aliyempokea mtoto, mvulana mwenye sauti kama chuma cha reli. Safari hii Zuleha alitimiza arobaini yake yote, akanywa uji, akanenepa. Hakupatwa na homa.

Aliporudi sokoni alikuta wateja wamezoea kula kitumbua kwa mkono mmoja na tobolwa kwa mwingine. Mtoto alilia, Scolastika akamchukua mgongoni bila kuulizwa, na Zuleha akainama kugeuza vitumbua.

"Sasa mahali hapa ni pa nani?" akatania mchimbaji mmoja.

"Ni pa wenye moto," alijibu Mzee Nkwabi, akipokea fungu lake la vitumbua. Naam, hodari ni hodari, na jiwe ni jiwe, lakini figa moja haliinjiki chungu.