Debe la Fundi Lushinge

Fundi mmoja wa pikipiki pale Kahama, jina lake Lushinge, alikuwa na sikio. Msicheke, najua nyote mna masikio, lakini la Lushinge lilikuwa jingine. Bodaboda ikikata kona kuingia gereji, yeye bila kuinua kichwa anasema valvu, au anasema mnyororo, na ikifunguliwa ni hivyohivyo. Kwa sikio hilo alikula miaka thelathini na kusomesha watoto wanne.

Gereji yake ilikuwa na sheria moja. Anayekuja kujifunza hakai kwenye kiti. Anakaa kwenye debe la oili lililopinduliwa, anaosha vyuma miezi mitatu, na haulizwi neno. Wengi walikimbia. Binti mmoja, Kabula, alivumilia mpaka akawa fundi kamili, akaenda kujitegemea.

Kisha zikaja pikipiki za umeme. Zilianza mbili, zikawa kumi, mara stendi nzima zinapita kimya kama paka. Mafundi walisema ni vitu vya kuchezea, mvua ya kwanza itazimaliza. Mvua ikanyesha, zikaendelea kubeba abiria.

Siku moja mteja wa zamani wa Lushinge akaisukuma pikipiki yake mpya ya umeme mpaka gereji, imezima. Lushinge akainamisha sikio kwa mazoea. Hakuna mlio. Watu wamejaa, wanamtazama. Ndugu zangu, hapo ndipo penyewe. Angeweza kufungua boliti mbili tatu, akagonga nyundo, akasema njoo kesho. Wangapi tumefanya hivyo? Jina lake la miaka thelathini lilikuwa mikononi mwake mchana ule. Lushinge akajifuta oili, akasema kwamba hajui. Loo, walivyomcheka! Mimi nasema mtu yule hajawahi kuwa mkubwa kama siku hiyo.

Kesho yake alifunga gereji, akaenda upande wa pili wa mji, ambako Kabula sasa alitengeneza pikipiki za umeme. Kabula akapiga goti kumwamkia, akakimbilia kiti chake mwenyewe, akakipangusa, akamwekea. Mzee akakitazama tu. Pembeni palikuwa na debe, maana Kabula aliondoka na sheria ile. Lushinge akalivuta, akakaa.

“Kiti ni cha fundi, mwanangu. Anayejifunza anakaa hapa.”

Kabula alilia. Lakini hakumpunguzia hata siku moja, na hiyo nayo ni heshima. Miezi mitatu mzee alifuta vumbi kwenye betri na kusugua vichwa vya nyaya, na wateja wake wa zamani walipita wakinong'ona. Aliwasikia vizuri sana, nimekwisha kuwaambia habari za sikio lake.

Mwezi wa nne ikaletwa pikipiki inayochoka njiani. Kabula akaipima kwa kompyuta yake ndogo, ikaonyesha haina tatizo. Akaipima tena, hakuna. Mzee akainua mkono, watu wakanyamaza, gurudumu likazungushwa. Akasikia mkwaruzo mdogo mno, ambao injini ya petroli ingeufunika kabisa. Akasema ni beringi. Wakafungua, ni beringi. Sikio alilodhani limemfia lilikuwa halijawahi kupata utulivu kama ule wa kufanyia kazi.

Leo kibao cha gereji hiyo kina majina mawili, na la Kabula liko juu, kwa amri ya mzee. Viti navyo ni viwili, na debe halijaondolewa.

Basi wewe mwenye jina kubwa, unayelalamika kwamba dunia imebadilika bila kukungoja: mara ya mwisho ulikaa kwenye debe lini?